Kopi Mbili Kwenye Priza Moja

Wengi hapa munanijua kama mtu wa agronomia, yule anayepiga picha za mihindi na kuuliza udongo wa kwenu uko namna gani. Leo naandika juu ya data. Mambo haya niliyajifunza vibaya, kwa kosa langu mwenyewe. Naona kila mwezi vijana wenzetu wanafungua depo, farmasi, studio ya picha, ofisi ndogo ya usafiri, na wote wanaweka biashara nzima ndani ya kompyuta moja. Basi niwaeleze kabla hayajawafikia.

Baada ya lisanse nilipata kazi kwenye depo moja ya mbegu na mbolea hapa Kolwezi. Kazi ilikuwa hivi: kabla ya masika, mkulima anachukua mbegu ya mihindi, mifuko ya NPK na urea kwa deni. Wakati wa mavuno anarudisha kwa mihindi ao kwa falanga. Mimi njo niliyekuwa naandika. Faili moja tu: jina, kijiji, mifuko, deni, malipo. Misimu miwili nzima, wakulima 137, wote walikuwa ndani yake.

Sikuwa mzembe kabisa. Kila Ijumaa nilikuwa natia ile faili kwenye diski ya nje, na nilijisifu mbele ya wenzangu kwamba niko na kopi. Lakini ile diski ilibaki daima imechomekwa, juu ya meza ile ile, na kompyuta pamoja na diski vilikula umeme kwa priza moja ya matundu mengi.

Siku moja ya mwezi wa tatu kuran ilikatika asubuhi. Ikarudi saa tisa ya mchana na nguvu isiyo ya kawaida. Balbu ya mlangoni ilipasuka, kisha tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kompyuta haikuwaka tena. Diski ilikuwa inalia tik, tik, tik. Nilizipeleka zote mbili kwa fundi, akazifungua, akaniangalia: "Kijana, hapa hakuna tena kitu ya kutafuta."

Ilikuwa karibu na mavuno, yaani wakati wa kudai madeni, na hatukujua tena nani ana deni na nani amekwisha kulipa.

Tuliwaita wakulima. Wengi walisema ukweli, na hilo sitalisahau. Wengine mifuko minne ilikuwa miwili. Halafu kulikuwa papa mmoja wa barabara ya kwenda Mutshatsha. Huyu alikuwa amelipa deni lake lote mapema, mwezi wa kwanza, kisha kuuza mbuzi zake. Ile siku kitabu cha risiti kilikuwa kimekwisha, na mimi kwa mdomo wangu nilimwambia: "Papa, usiogope, iko mu mashini." Sasa mashini imekufa. Mkubwa wa depo akamwambia alete karatasi. Papa akanigeukia mimi: "Mutoto, si wewe njo uliandika?" Nikasema ndiyo, alilipa, namkumbuka. Mkubwa akajibu kwamba mtu aliyepoteza deni za watu 137 hawezi kuwa kitabu cha risiti. Mwishowe lile deni lilikatwa kwenye mshahara wangu, miezi mitatu. Ilikuwa haki, naona hivyo hata leo.

Kilichotuokoa kidogo ni makaye. Mama mmoja wa upande wa Luilu alikuja na kaye ya shule ya binti yake, na ndani kila kitu kimeandikwa: tarehe, mifuko, alicholipa. Wengine nao wakaleta zao. Kwa makaye hayo tulijenga upya zaidi ya nusu ya orodha. Diski yangu ya bei iliungua, na kaye ya mtoto wa shule ikabaki. Nilijiuliza sababu. Jibu ni rahisi: ile kaye ilikaa mbali, iliandikwa kwa mkono mwingine, na haikula kuran yetu.

Vitu vitatu tunavyochanganya

Kisha hiyo aibu nilianza kusoma, na kuuliza marafiki waliosoma informatika. Nikagundua kwamba sisi wengi tunachanganya vitu vitatu.

Cha kwanza ni kopi pacha, wale wa informatika wanaiita replikasio. Hapa data inaandikwa mahali pawili ao zaidi kwa wakati mmoja, ao karibu wakati mmoja. Ukibadilisha namba hapa, na kule inabadilika. Ni kama mapasa: mmoja akianguka, mwenzake anaendelea na kazi, na mteja hajui kama kumetokea kitu. Benki na kampuni za simu zinaishi kwa njia hii.

Cha pili ni kopi ya akiba. Hii ni picha ya data jinsi ilivyokuwa siku fulani. Haisogei. Kopi ya Ijumaa inabaki ya Ijumaa, hata Jumatatu ukifuta kila kitu.

Cha tatu ni mpango wa kurudi kazini: nani anafanya nini, kwa kompyuta gani, kwa muda gani, siku msiba ukija. Mtu anaweza kuwa na kopi kumi na bado akakaa wiki mbili mlango umefungwa, kwa sababu hakuna anayejua neno la siri.

Wengi wanafikiri kopi pacha inatosha. Hapa mihogo itatusaidia kuelewa. Mihogo hatupandi kwa mbegu, tunakata mti wa mama na kupanda vipande. Kila kipande ni pacha wa mama yake. Ni njia nzuri na ya haraka. Lakini kama mama alikuwa na ugonjwa wa mozaiki, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, basi umepanda mozaiki shamba nzima kwa mkono wako. Kopi pacha inafanya vile vile. Inanakili kazi yako nzuri, na kosa lako pia, na virusi pia, bila kuuliza.

Siku delestaje iliokoa kampuni kubwa

Mfano wa kweli. Tarehe 27 mwezi wa sita 2017, virusi inayoitwa NotPetya ilitoka Ukraine, kwa njia ya programu moja ya hesabu inayotumiwa sana kule, ikaingia kwenye kampuni nyingi duniani. Mmoja wa waliopigwa ni Maersk, kampuni ya Denmark ya meli za kontena. Maersk walikuwa na seva karibu 150 zinazotunza orodha ya nani anaruhusiwa kuingia wapi ndani ya mfumo wao. Zile seva zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe. Moja ikifa, nyingine inachukua nafasi. Hakuna aliyefikiri kwamba zote zitakufa siku moja. Lakini zilikufa.

Isipokuwa moja. Ilikuwa Ghana. Kule umeme ulikuwa umekatika kabla ya virusi kufika, na ile seva ikabaki nje ya mtandao. Intaneti ya pale ilikuwa nyembamba mno kutuma ile data yote, basi walitaka kuileta Uingereza kwa ndege, lakini hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza. Mmoja akaruka mpaka Nigeria, akamkabidhi diski mwenzake kwenye uwanja wa ndege, na huyo akaipeleka London. Hasara ya Maersk ilikuwa kati ya dola milioni 250 na 300, kwa hesabu yao wenyewe.

Sisi wa Kolwezi tunajua kulaani delestaje. Ile siku delestaje ilifanya kazi ambayo wakubwa wa informatika hawakuipanga: iliacha kopi moja bila kugusana na zingine. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: *lazima kopi moja iwe imekatwa na zingine*. Diski iliyochomolewa na kuwekwa kwenye kabati, virusi haina njia ya kuifikia. Wala ule umeme uliounguza meza yangu.

Mbali ni wapi?

Kanuni ya pili ni umbali. Tarehe 10 mwezi wa tatu 2021, moto ulishika jengo la seva la kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliungua lote. Tovuti nyingi sana zilizimika, na wako wateja waliokuwa wamelipia hata kopi ya akiba, ila ile kopi ilikuwa imelala kwenye jengo lile lile. Walikuwa na kopi mbili kwenye priza moja, kama mimi, wao kwa bei kubwa zaidi.

Kwetu Kongo hatuhitaji kwenda mpaka Ulaya. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilishuka ikapita katikati ya mji wa Goma, ikaingia mpaka kwenye sehemu ya biashara na kufika ziwani. Mfanyabiashara aliyeweka bidhaa, risiti na kitabu cha madeni nyumba moja, vyote viliondoka pamoja. Bidhaa unaweza kununua tena polepole. Orodha ya wanaokudai na unaowadai, utainunua wapi?

Sasa swali: mbali ni kilometre ngapi? Mimi naona kilometre peke yake haitoshi. Uliza hizi kopi mbili zinashiriki nini. Zinashiriki paa? Moto mmoja unazimaliza. Zinashiriki begi? Mwizi mmoja anazibeba. Zinashiriki umeme? Zinashiriki neno la siri? Mtu akilipata, anafuta zote. Kopi mbili zinazoshiriki kitu kimoja, siku hicho kitu kikiharibika, zinahesabika kama moja.

Kuna kanuni rahisi ambayo mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza: 3-2-1. Kopi tatu, kwenye aina mbili za chombo, na moja iwe mahali pengine. Mimi nilikuwa na kopi mbili, chombo aina moja, meza moja.

Maswali mawili ya kujiuliza

Kabla ya kununua chochote, jibu maswali mawili.

La kwanza: ni kazi ya muda gani unakubali kuipoteza? Kama unafanya kopi kila Ijumaa na kompyuta inakufa Alhamisi, umepoteza siku sita za kuandika. Kwa depo yetu mwezi wa saba hiyo si shida, hatuandiki sana. Mwezi wa kumi na moja, wakati kila mtu anakuja kuchukua mbegu, siku sita ni msiba. Basi kopi ifuate msimu.

La pili: unaweza kukaa muda gani mlango umefungwa? Benki inahesabu dakika. Farmasi, labda saa chache. Depo ya mbolea inaweza kuvumilia siku mbili kwa kaye na kalamu. Jibu lako njo linaamua bei. Anayetaka kupoteza sifuri na kusimama sifuri, analipa kopi pacha ya saa zote. Anayeweza kuvumilia siku moja, diski mbili na nidhamu vinamtosha.

Hata kopi pacha iko na aina mbili. Kuna ile inayongoja: mashine ya hapa haisemi "tayari" mpaka ile ya mbali imejibu "nimeandika". Hakuna kinachopotea, lakini unalipa kwa kungoja. Mwanga ndani ya fibre unakwenda karibu kilometre 200.000 kwa sekunde. Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kama kilometre 300, kwenda na kurudi 600, basi ni milisekunde 3 kwa uchache kwa kila kuandika. Ni kidogo, ila kwa mfumo unaoandika mara elfu kwa dakika inajumlishwa. Aina ya pili haingoji: inaandika hapa kwanza, kisha inatuma. Ni nyepesi, inavumilia intaneti mbaya, lakini ukianguka ghafla vile vilivyokuwa njiani vinapotea. Kwa mtandao wetu, biashara ndogo ichague hii ya pili bila aibu.

Na mtandao nao si wa kuaminiwa macho yamefungwa. Waya wa bahari wa WACS unaingia Kongo kwa Muanda. Mwezi wa nane 2023 ulikatika karibu na mdomo wa mto Kongo, kwa sababu ya maporomoko chini ya bahari, na kuutengeneza kulichukua kama mwezi. Kama kopi yako ya pekee iko mawinguni, siku kama hizo unaiona kwa mbali tu. Kuweka mawinguni ni vizuri. Kuweka mawinguni *peke yake* ni kurudia meza yangu kwa namna nyingine.

Jaribu kama inaota

Sisi wa kilimo hatupandi mbegu ya ghalani bila kujaribu. Unachukua punje 100, unazitia kwenye kitambaa chenye maji, unahesabu ngapi zimeota. Gunia linaweza kuwa zuri kwa macho na kufa ndani.

Kopi ni hivyo hivyo. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2017, fundi mmoja wa kampuni ya GitLab, usiku amechoka, alifuta data kwenye seva ambayo sio aliyoitaka. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili. Kumbe hata moja haikuwa inafanya kazi jinsi walivyofikiri. Iliyowaokoa ni picha ya data ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita mbele, kwa kazi nyingine kabisa. Hao ni watu wanaojua kazi yao, na walieleza kosa lao mbele ya dunia nzima. Kopi ambayo hujawahi kuirudisha, usiihesabu.

Tunavyofanya sasa

Niko kwenye kazi nyingine leo, kikundi kidogo kinachonunua mihindi. Hatuna falanga nyingi. Tunafanya hivi:

1. Kila mkulima anatoka na karatasi yake, imeandikwa na kutiwa sahihi, hata kama mashini inafanya kazi vizuri. Hiyo ni kopi inayokaa kwa mwenye haki.

2. Diski mbili. Moja inakaa kazini, *imechomolewa*, kwenye kabati. Nyingine nyumbani kwa mwenzetu, mtaa mwingine. Kila Jumamosi tunazibadilisha.

3. Faili inapewa tarehe, haifutwi na ile mpya. Nikikosea leo, nikagundua kisha wiki tatu, niko na ya zamani.

4. Kila usiku faili ndogo, imefungwa kwa neno la siri, inakwenda mawinguni. Orodha ya watu mia na zaidi haifiki hata megabaiti moja. Kinachokula bando ni picha na video.

5. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunarudisha kopi kwenye kompyuta nyingine, tunaifungua, tunalinganisha mistari kumi na karatasi za wakulima. Hiyo njo kujaribu kuota.

6. Karatasi moja ukutani: nani anaita nani, diski iko wapi. Maneno ya siri yako kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mtu wawili wanamwamini.

7. Stabilizatere kwa kompyuta, na kuran ikikatika tunachomoa kila kitu. Tunarudisha kisha umeme kutulia.

Gharama? Diski mbili zilitugharimu pungufu ya mifuko mitano ya mbolea. Kinachotusumbua kweli ni uvivu wa Jumamosi.

Neno moja juu ya siri. Majina, namba za simu na madeni ya watu ni mali yao. Kongo iko na Sheria ya Dijitali tangu mwezi wa tatu 2023, na inagusa ulinzi wa data za watu. Ukizidisha kopi, umezidisha pia milango ya wezi. Kwa hiyo kila kopi iwe na kufuli.

Na kwa wale wanaosema haya ni mambo ya kampuni kubwa tu, nimalize na mbegu tena. Kituo cha utafiti cha ICARDA kilikuwa karibu na Aleppo, Siria, na kilitunza mbegu za ngano, shayiri, dengu. Kabla vita haijafunga njia, walikuwa wanatuma pacha wa zile mbegu kwenye ghala la Svalbard, kule Norwei kwenye barafu, lililofunguliwa 2008. Kituo kilipopotea mikononi mwao, mwaka 2015 waliomba sehemu ya mbegu zao kutoka Svalbard, wakazipanda Lebanoni na Moroko, wakazizidisha, na 2017 wakarudisha zingine kwenye barafu. Hawakungoja vita ianze ndipo wafikiri kopi.

Yule papa wa barabara ya Mutshatsha bado tunaonana. Alianza kuuza mihindi kwetu mwaka jana. Siku ya kwanza nilimpimia, nikaandika kwenye kompyuta, nikamwambia imekwisha. Hakusimama. Alinyosha mkono juu ya meza na kusema: "Mutoto, karatasi yangu iko wapi?"

Nilimwandikia. Na nyinyi, kabla ya kulala leo, chomoeni ile diski.